Kuzuru Kirstenbosch: mwongozo kamili kwa anayetoka Afrika Mashariki

Mara ya kwanza nilipoingia Kirstenbosch, bustani ya taifa ya mimea ya asili iliyoko Cape Town, kitu cha kwanza kilichonisimamisha kilikuwa mbuyu. Umo ndani ya nyumba ya vioo karibu na lango la chini, umezungukwa na mawe na mimea ya jangwani, unatunzwa kama mgonjwa aliyelazwa. Mimi nimezaliwa pwani. Mbuyu kwangu ni mti wa kupopoa mabuyu na kufungia mbuzi, na usiku ni mti wa kupitwa mbio bila kugeuka nyuma. Leo nimelipa kiingilio ili niutazame! Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

Kicheko kilikata nilipokuja kujua kwamba Wavenda, watu wa kaskazini kabisa mwa Afrika Kusini, mti huo huo wanauita muvhuyu. Nimerudi pale mara kadhaa tangu siku hiyo, na haya ninayoandika ndiyo ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya safari ya kwanza: uende lini, uingilie wapi, upite njia gani, usimame kwenye mimea ipi. Anayekwenda kutafuta maua ya kupiga picha humaliza kwa saa moja na kuanza kuulizia pa kula. Anayekwenda kutafuta mimea ya kwao iliyobadilisha jina, siku nzima haimtoshi.

Ujue unakwenda wapi

Zamani za ukoloni, bustani nyingi za mimea zilikuwa mahali pa kuleta mazao ya kigeni na kuyajaribu. Amani, kule Usambara Mashariki, Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 kwa nia hiyo, na hadi leo ukienda unakuta miti ya mabara mengine imesimama kama iko kwao. Kirstenbosch ilipoanzishwa mwaka 1913 ilikusudiwa mimea ya nchi ile tu. Hakuna bustani ya mimea duniani iliyokuwa imeanzishwa kwa shabaha hiyo kabla yake.

Aliyeisukuma ni Harold Pearson, profesa wa botania. Shamba alilopewa lilikuwa limemezwa na magugu, nguruwe wakizurura humo, na fedha ya kumlipa mkurugenzi haikuwepo, kwa hiyo aliifanya kazi hiyo bila mshahara. Alifariki mwaka 1916, miaka mitatu tu baadaye, akazikwa humo humo bustanini. Maandishi ya kaburi lake yanamwambia msomaji kwamba akitaka kuona ukumbusho wa marehemu, atazame pande zote zinazomzunguka. Kaburi halina makuu na wengi hulipita. Mimi husimama.

Eneo lote ni hekta 528, lakini sehemu iliyopandwa na kutunzwa ni hekta 36 tu. Iliyobaki ni msitu na vichaka vya asili vinavyopanda ubavu wa mashariki wa mlima wa Table Mountain. Vichaka hivyo huitwa fynbos (sema “fainbos”), neno la Kiafrikana, lugha ya Makaburu, la kichaka chenye majani membamba. Ukanda huo wa mimea wa Cape, ambao haufiki hata sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa Tanzania, una aina zipatazo 9,000 za mimea, na karibu asilimia 70 hazimei kwa asili mahali pengine popote. Ndiyo sababu mwaka 2004 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia, na Kirstenbosch ikiwa ndani yake.

Kuna mimea michache iliyoponyoka sheria ya uenyeji. Utaona barabara iliyopangwa mikafuri mikubwa pande zote mbili. Hiyo ilipandwa mwaka 1898 kwa amri ya Cecil Rhodes, tajiri wa kikoloni wa Kiingereza, aliyelinunua shamba mwaka 1895 na kuliacha kwa taifa alipofariki mwaka 1902. Ni miti ya Asia, ila imezeeka vizuri mno kukatwa.

Chagua mwezi

Kosa la kwanza la mtu wa ikweta ni kudhani Afrika yote ina jua la kufanana. Cape Town hunyeshewa wakati wa baridi, Juni hadi Agosti, na hukauka wakati wa joto, Desemba hadi Februari. Mvua yake ni ya ubaridi, inaingia mpaka kwenye mifupa.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, nenda kati ya katikati ya Agosti na mwanzoni mwa Oktoba. Hapo maua madogo ya msimu, ya manjano, meupe na ya rangi ya chungwa, hufunguka kwa pamoja jua linapowaka, na protea nyingi, vichaka vyenye vichwa vikubwa vya maua, bado zimechanua. Siku ya mawingu yale madogo hubaki yamefumba kama maduka siku ya sikukuu, kwa hiyo angalia utabiri wa hali ya hewa kabla ya kuchagua siku.

Juni na Julai ni miezi ya mwenye subira. Protea huchanua, bustani haina watu, bei za vyumba mjini hushuka, na unaweza kupata siku mbili za mvua mfululizo. Desemba hadi Februari ni miezi ya watu wengi na ya agapanthus, yale maua ya buluu yaliyokaa kama fataki. Kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Aprili kuna pia matamasha ya muziki jioni za Jumapili kwenye uwanja wa nyasi, na tiketi zake hununuliwa mapema. Wakati huo wa joto huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki ambao wenyewe huuita Daktari wa Cape, kwa imani kwamba unafagia uchafu wa mji. Sisi tungeuita kusi tu, kisha tungeshika kofia.

Kuhusu saa: Cape Town iko saa moja nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam. Januari jua huzama karibu saa mbili usiku, jambo ambalo mtu wa kwetu haliamini mpaka alione.

Kabla ya kupanda ndege

Wenye pasi za Kenya na Tanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90. Anayetokea Kenya abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nayo aiweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini ya ndege.

Begi la bustanini liwe na raba zenye soli isiyoteleza, sweta hata kama asubuhi ni ya joto, kofia, mafuta ya kukinga jua, chupa ya maji na chakula. Chakula kinaruhusiwa, na pikiniki kwenye nyasi ndiyo desturi ya wenyeji. Kuwasha moto hakuruhusiwi, kwa hiyo nyama choma isahau siku hiyo. Chapati zilizokunjwa na mayai ya kuchemsha zinatosha kabisa.

Na kama una wiki mbili kabla ya safari na uko karibu na Nairobi, fanya zoezi dogo: nenda Brackenhurst, Tigoni, ambako msitu wa miti ya asili umerudishwa mahali palipokuwa na mikaratusi na miwati. Tembea polepole, shika majina ya miti mitano. Utakuja kunishukuru ukiwa Cape Town.

Kufika na kupita langoni

Bustani iko kilomita zipatazo 13 kutoka katikati ya mji. Teksi za kuitwa kwa simu ndiyo njia rahisi zaidi, na yale mabasi mekundu ya ghorofa ya watalii nayo husimama pale. Malango ni matatu. Mwambie dereva akushushe Lango la 1, la chini, penye kituo cha wageni, duka na nyumba ya vioo. Ukishushwa Lango la 2 utakuwa juu, na utaanza ziara yako kwa kushuka, halafu urudi ukipanda wakati miguu imeshachoka.

Milango hufunguliwa saa mbili asubuhi. Hufungwa saa moja jioni kuanzia Septemba hadi Machi, na saa kumi na mbili jioni miezi mingine. Kiingilio kina viwango tofauti kwa raia na kwa wageni, na hupandishwa mara kwa mara, basi kiangalie kwenye tovuti ya SANBI, taasisi ya taifa inayosimamia bustani hizi, usiku wa kuamkia safari. Lipa kwa kadi ya benki na uwe na pasi yako.

Fika mapema, na sababu yangu haihusiani na foleni. Mlima uko upande wa magharibi wa bustani, ukuta mzima wa mawe. Jua likivuka ukuta huo kivuli kinashuka juu ya maua wakati mjini bado ni mchana mweupe. Wakati wa baridi alasiri inakuwa kama jua limekuchwa. Picha zote nzuri nilizonazo za Kirstenbosch ni za kabla ya saa sita.

Chukua ramani ya karatasi hapo kituoni, kisha uliza kama siku hiyo kuna matembezi ya kuongozwa na wahudumu wa kujitolea. Wengi wao ni wazee wastaafu wanaoijua bustani kama wanavyojua majikoni kwao. Ukimpata mmoja, yafuatayo yaweke kando, umfuate yeye.

Njia ninayopita mimi

Anza na mbuyu, kwa adabu. Umewekwa ndani kwa sababu baridi na mvua ya Cape Town hauviwezi, kwao ni kwenye joto la kaskazini, Limpopo. Jipe dakika ishirini humo ndani, uangalie pia mimea ya jangwani inayojifanya mawe, kisha utoke uanze kupanda.

Kituo cha pili ni sikadi. Hizi ni mimea inayofanana na minazi mifupi, ila haina uhusiano wowote na minazi. Ukoo wake ulikuwepo kabla maua hayajatokea duniani. Pwani yetu tuna jamaa yake mmoja, Encephalartos hildebrandtii, anayemea Shimba Hills, na wapo wanaomwita mtapo. Pearson alianza kuzipanda sikadi kwenye mteremko huu mwaka 1913, na baadhi bado zipo.

Mmoja kati yao tafuta mpaka uupate: Encephalartos woodii. Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea aitwaye John Medley Wood aliukuta mmea huu katika msitu wa Ngoye, sehemu ambayo leo ni KwaZulu-Natal. Lilikuwa shina moja lenye vichipukizi vyake, na ni dume. Watu wamemtafuta jike msituni tangu siku hiyo na hawajampata. Yote iliyopo leo katika bustani za dunia ni vipande vya dume yule yule, vilivyokatwa, vikapandwa, vikakatwa tena. Huu wa Kirstenbosch umewekewa kizuizi cha chuma. Usidhani ni cha kuzuia watoto. Sikadi adimu zina soko la magendo, na mwaka 2014 wezi waliiba mimea 24 kutoka bustani hii. Nilipokuwa nimesimama pale, mama mmoja aliyekuwa na mabinti zake alisoma kijibao mara mbili, akageuka, akasema kwa Kiingereza kizito cha huko: “Maskini, hata talaka hajapata.” Sijasikia maelezo bora zaidi.

Chini kidogo ya hapo utasikia maji. Kuna kibonde chenye kivuli cha miti na madole ya majani ya vikangaga, na chemchemi inayotoka mlimani imejengewa kidimbwi cha matofali chenye umbo la ndege. Kimejengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na hujulikana kwa jina la Kanali Bird. Jina lake kwa Kiingereza ni ndege, ndiyo maana ya mzaha wa umbo lile. Kaa kwenye benchi, unywe maji yako. Hakuna zaidi, na panatosha.

Mlozi mwitu ndio mahali ninapokaa muda mrefu kuliko watu wengi, nami nakuomba ufanye hivyo. Kwa macho ni kichaka kikubwa kilichojikunja, matawi yamelala na kuota mizizi upya, huwezi kujua kinaanzia wapi. Ni mabaki ya ua uliopandwa mwaka 1660 kwa amri ya Jan van Riebeeck, mkuu wa makazi ya Waholanzi, ili kuwatenga Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa Cape, na mifugo yao na ardhi ambayo kabla ya hapo walikuwa wakilishia. Mpaka wa mimea hai, na bado uko hai. Tunda lake linafanana na lozi lakini lina sumu ile ile inayopatikana katika muhogo mchungu. Wakhoikhoi walijua dawa yake: kuloweka muda mrefu, kumwaga maji, kuchemsha au kuchoma. Bibi yeyote wa Kusini, Lindi au Mtwara, aliyewahi kuanika makopa angeelewana nao bila mkalimani. Usiuonje.

Kutoka hapo nenda kwenye bustani ya mimea yenye manufaa, yaani dawa, chakula, kamba na mizizi ya waganga. Mti wa kuulizia ni Warburgia salutaris, ambao Wazulu huuita isibhaha. Gome lake linawasha kama pilipili na hutumika kwa kikohozi, na huko porini umebanduliwa mpaka umekuwa adimu. Mwaka 1996 Nelson Mandela alipozuru Kirstenbosch alipanda mti wa aina hiyo. Sasa mtu wa Kenya afikirie: Wakikuyu wana muthiga, Wamaasai wana osokonoi, gome la kutafuna kifua kikibana. Ni Warburgia ugandensis, ndugu wa tumbo moja. Rafiki yangu wa Nyeri niliyekwenda naye alivunja kijani kidogo kilichoanguka chini, akakiweka ulimini, akafumba macho. “Hii ni ya kwetu,” akasema, na kwa dakika kumi hakutaka kutoka hapo.

Pia kuna ua ambalo umeshaliona mara elfu: strelitzia, lenye umbo la kichwa cha ndege, lililojaa mbele ya hoteli na benki zetu. Hilo la kawaida lina rangi ya chungwa na ni la Afrika Kusini. Hapa kuna lenye rangi ya manjano, liitwalo Dhahabu ya Mandela. Rangi hiyo hutokea kwa nadra sana, na bustani ilichukua karibu miaka 20 kuizidisha, kwa kuchavusha ua kwa ua kwa mkono na kungoja miche ikue. Walipokaribia kufanikiwa, wakaingia vindi wa kijivu, wanyama wa kigeni walioletwa na Rhodes yule yule, wakawa wanakula mbegu. Dawa ikawa kuvifunga vichwa vya maua kwa wavu wa banda la kuku. Ukiona wavu juu ya ua la thamani, ndiyo habari yake.

Jerenia za kwenye makopo barazani? Asili yake ni pelargonium za huku kusini, zikaenda Ulaya na Waholanzi karne ya 17, zikaturudia zikiwa zimevaa majina ya Kizungu. Tembea ukizihesabu.

Sehemu ya juu ni ya fynbos na protea. Ukipanda na haraka utaona vichaka vya kijivu na kusema sifa zilizidishwa. Inama. Shika kwa vidole viwili jani la mti wa fedha, bila kulichuma: lina manyoya laini kama sikio la mtoto wa paka, na upepo ukipita mti mzima humetameta. Kisha simama mbele ya protea moja kubwa iliyofunguka na usiondoke. Baada ya dakika tano hivi anakuja ndege wa kahawia mwenye mkia mrefu kuliko mwili, anatua juu ya ua, anazamisha mdomo. Huyo ni mla nekta wa protea, anapatikana kusini mwa Afrika tu. Kwenye erika, zenye maua ya vijineli, utamwona chozi mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Chozi huna haja ya kufundishwa.

Ukiinama utaona na siafu... si siafu hasa, ni chungu wa kawaida, wakikokota mbegu. Mimea mingi ya fynbos hutengeneza mbegu yenye kipande cha mafuta juu yake. Chungu huipeleka shimoni, hula mafuta, na kuiacha mbegu imezikwa salama, ikingoja moto. Ndiyo, moto. Vichaka hivi huungua kila baada ya miaka kadhaa na mbegu nyingi haziamki mpaka moto upite. Miaka mingi watu walidhani ni joto linaloziamsha. Watafiti wa Cape waligundua kwamba kwa nyingi kati yake ni moshi. Kwetu mahindi ya mbegu hutundikwa darini juu ya mafiga ili moshi ufukuze wadudu; huku moshi huo ndio unaozigongea mbegu mlango.

Mwisho, daraja. Linaitwa Boomslang, jina la Kiafrikana la nyoka wa mitini, lilifunguliwa mwaka 2014, lina urefu wa mita 130 na katika sehemu fulani liko mita 12 juu ya ardhi. Linayumba kidogo, kwa makusudi ya waliolijenga. Nimeliweka mwisho kwa sababu anayeanza nalo humaliza chaji ya simu hapo. Ukiwa juu, tazama vilele vya miti kwa usawa wa macho, kwani ni nadra kumwona mpodo kutoka juu yake. Mipodo hiyo ina jamaa zake katika misitu ya milima yetu.

Baada ya hapo, nyasi. Kula, lala, ongea na kanga wanaopita wakidai makombo. Usiwape.

Kusoma kijibao

Mimea mingi ina kijibao. Jina la kwanza ni la kisayansi: neno la mbele ndilo la ukoo, la pili ni la mmea wenyewe. Ukitaka kujua kama mmea una ndugu kwenu, liandike lile neno la mbele tu, uje ulitafute nyumbani. Warburgia, Podocarpus, Olea, Encephalartos, yote yapo Afrika Mashariki.

Halafu tafuta majina ya Kixhosa, Kizulu, Kisotho au Kivenda yanapokuwepo. Lugha hizi ni za Kibantu, na viambishi vya miti vitakugusa sikio: um- na mu- za kule ni m- yetu. Si kila mara utapata bahati kama ya muvhuyu, lakini kuna watu wawili watatu nimewaona wakisoma vijibao kwa sauti wakicheka, na wote walikuwa wa kwetu.

Kuna pia njia yenye maandishi ya nukta nundu na kamba ya kushika kwa wasioona, pamoja na bustani ya harufu iliyoinuliwa ili mtu asilazimike kuinama. Ukiwa na mzee au mtu wa kiti cha magurudumu, anzia huko na ubaki sehemu za chini. Juu mteremko ni mkali.

Wanaotaka kupanda mlima

Ndani ya bustani kuna njia zinazopanda Table Mountain, mbili zinazojulikana zaidi ni Skeleton Gorge na Nursery Ravine. Skeleton Gorge ina ngazi za mbao na mawe yenye utelezi, inapita msituni na inaweza kukufikisha hadi Maclear’s Beacon, kilele cha mita 1,086. Hii ni kazi ya siku nzima, usiiunganishe na ziara ya maua. Usiende peke yako, kwa ajili ya wezi na kwa ajili ya ukungu. Wingu hushuka juu ya mlima huu kwa dakika chache na njia hupotea machoni. Kama mawe yamelowa, Skeleton Gorge ni ya kupandia tu, usishukie.

Mbegu na sheria

Usichume, usiokote, usitie mfukoni, hata kokwa iliyoanguka. Sikadi zote za Encephalartos zimo katika daraja la juu la ulinzi la CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na hapo hakuna “samahani sikujua”.

Dukani huuzwa mbegu za protea, erika na maua ya msimu, pamoja na karatasi ndogo za duara zilizolowekwa moshi kisha kukaushwa, zao la utafiti wa bustani hii hii. Unaiweka karatasi kwenye maji, unaloweka mbegu humo usiku kucha, unapanda. Kubeba mbegu kuvuka mpaka ni habari nyingine. Kibali cha kuingiza huombwa nyumbani kabla ya kusafiri, Kenya kwa KEPHIS na Tanzania kwa TPHPA, mamlaka za afya ya mimea, na mbegu zenyewe ziwe na cheti cha afya ya mimea kutoka Afrika Kusini. Vyote viwili, si kimoja.

Mimi nilinunua pakiti tatu za protea na pakiti moja ya karatasi za moshi, nikasema haya ya vibali nitayaeleza kwa mdomo. Afisa wa uwanjani alikuwa mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazichukua mbegu akazitia kwenye pipa la manjano, akaigeuza pakiti ya moshi huku na huku, akanirudishia. Nikafika nyumbani na moshi bila mbegu.